Mafuta Yakinyamaza

Sikio la kulia ndilo lililokuwa sikio langu la kazi, na ndilo lililokufa. La kushoto limebaki la kusikia redio ya jirani na wateja wakilalamika samaki ni mdogo. Mtu akinijia upande wa kulia huniona kama nina madharau. Sina madharau. Simsikii.

Mimi hukaanga mgongo wazi pale mtaa wa Kambi Muru, na nimekaanga kabla ya vyoo vya mradi kujengwa na baada ya kubomolewa. Asiyejua mgongo wazi ni nini, ni ile mifupa ya samaki aina ya mbuta iliyobaki kiwandani baada ya nyama kukatwa na kwenda ng'ambo. Kichwa, uti, na mkia. Huja kwetu kwa magunia. Ukiukaanga vizuri mtu analamba vidole na kusahau kwamba mwingine alikula mbele yake.

Kukaanga ni kusikiliza. Niliachia shule darasa la sita, lakini hili nalijua kuliko waliofika chuo. Samaki akiingia kwenye karai huingia na maji yake, na maji yakikutana na mafuta ni vita, yanalia na kurusha mate. Ukiwa mgeni utadhani kelele ndiyo kuiva. Sivyo. Kelele ni maji. Ngoja kelele ipungue, ngoja mafuta yanyamaze, hapo toa. Mama aliyenifunza kazi alikuwa akinigeuza nitazame ukuta, ananiuliza, "Sasa?" Nikisema mapema ananipiga na mwiko. Nilijifunza kwa mgongo.

Mafuta ya salad yakishakaanga siku nne yanakuwa meusi, na yakifika hapo nilikuwa nayamwaga mtaroni au nampa jirani ayapake mbao zake za choo. Watu wa mtaa tayari walikuwa wanatusema eti tunakaangia mafuta ya transfoma za stima, kwa hiyo nilikuwa najificha hata kuyamwaga. Ndiyo maana siku ndugu yangu alipokuja na mkokoteni na mitungi mitupu kuniambia kuna mtu anayataka, nilicheka.

Ndugu yangu alinifuata mimi kwa kuzaliwa. Alikuwa anaishi mtaa wa Kongo, kule Kawangware, na mke wake na watoto wawili. Alikuwa amebeba mawe ya mjengo mpaka kifua kikaanza kumsumbua, akapata kazi hii ya kuzunguka akikusanya mafuta machafu kwa wakaanga chipsi, wakaanga mandazi, na sisi wa samaki. Siku hiyo alikuja na mwenye kazi mwenyewe. Tulimwita Injinia. Hakuwa injinia. Alikuwa amefanya kazi ya kufagia mahali ambapo mainjinia walikuwa.

"Mama Samaki," Injinia akaniambia, "hii unayomwaga ni dizeli imelala. Mimi naiamsha."

"Ikiamka inaenda wapi?"

"Huko Ulaya ndege zinapaa nayo."

Ndugu yangu akadakia, "Abiria watashuka wakinuka mgongo wazi."

"Wakinuka mgongo wazi angalau watakuwa wameuonja," nikasema, na hata Injinia alicheka. Namkumbuka akicheka. Nasema hivyo ili mtu asidhani alikuja na pembe kichwani.

Huyo Injinia ni mtu wa kwetu. Tunatoka upande mmoja wa magharibi, mto mmoja. Alikuwa mlezi wa chama chetu cha watu wa nyumbani, kile kinachokutana Jumapili Kawangware, na mtu wetu akifa hapa Nairobi yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Ukiitwa na mtu kama huyo kufanya kazi, huulizi maswali. Unashukuru.

Mtambo wake ulikuwa Kongo, nyuma ya ua wa mabati, karibu na kijito. Nitaueleza kwa maneno yangu. Kulikuwa na pipa la chuma nene, kubwa, limekaa juu ya jiko la matofali na kuni. Lilikuwa na kifuniko kizito kilichofungwa kwa bolti pande zote. Katikati ya kifuniko palikuwa na mdomo mdogo wa kufunguliwa kwa spana. Pembeni mwa kifuniko lilitoka bomba, likapita ndani ya bafu kuukuu lililojazwa maji, likaishia kwenye mtungi. Mafuta yetu yalimwagwa ndani, moto ukawashwa. Kwanza yalitoka maji, yananuka kama soksi. Maji yakiisha, mdomo mdogo ulifunguliwa, unga mweupe wa dawa ukatiwa, ukafungwa, moto ukaongezwa sana. Sasa mafuta yenyewe yakawa mvuke, mvuke ukapita ndani ya maji baridi, na upande wa pili kikadondoka kitu chembamba, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, chenye harufu ya kukata pua. Ukiwasha kijiti inashika kama mafuta ya taa. Haikuwa mafuta ya kupikia tena. Ilikuwa imesahau samaki.

Mara ya kwanza tulipeleka mtungi kwa posho mill moja mtaa wa Satellite. Mashine ikakohoa, ikashika, ikasaga mahindi ya mama mmoja mpaka mwisho. Ndugu yangu alichota unga wa mahindi kidogo na kidole akaulamba. Akaniangalia. Sikuwahi kumwona na uso ule tangu tukiwa wadogo.

Shida yao ilikuwa maji. Unga mweupe ukitiwa kabla ya maji kuisha, pipa lilitoa povu mpaka kwenye bomba na kazi ya siku ikaharibika. Kipimo cha joto cha Injinia kilivunjika na hakununua kingine. Ndugu yangu ndiye alisema, "Mwite sista. Sista anasikia maji yakiisha akiwa amefunga macho."

Ndivyo nilivyopata kazi ya pili. Siku za kupika nilimwachia binamu karai, nikaenda Kongo na mwiko wangu mrefu. Ncha moja niliiweka kwenye ubavu wa pipa, nyingine sikioni. Ndani kulikuwa na karai kubwa inayolia, sauti zile zile, mate yale yale. Nikisikia imetulia, nasema, "Imenyamaza." Ndugu yangu anapanda juu ya jiwe, anafungua mdomo kwa spana, anatia unga. Sikukosea hata mara moja. Injinia alikuwa anawaambia wageni, "Huyu mama ndiye kipimo changu." Na mimi nilikuwa nafurahi. Miaka yote nimekaa nanuka samaki, hakuna mtu aliwahi kuniita kipimo cha kitu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua limeshatoka vizuri. Nilipofika nilimkuta ndugu yangu ameshika waya mrefu wenye kitambaa. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Kabla ya kuwasha alisukuma ule waya ndani ya bomba kutoa lami nyeusi iliyobaki. Injinia alikuwa anatembea huku na huku na simu. Mwenye posho mill alikuwa anangoja.

"Wachana na hiyo," Injinia akamwambia. "Washa."

"Bosi, bomba ina uchafu ya jana."

"Jana ilipita, leo itapita. Washa, mtu wangu."

Akawasha. Na mafuta ya siku hiyo yalikuwa ya mandazi, yamejaa unga wa ngano chini kama uji. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu.

Pipa likaanza kunguruma kama kawaida. Nikaweka mwiko. Ikalia, ikalia, halafu ikapungua, halafu ikanyamaza.

Ilinyamaza mapema. Nitalisema hapa kama nilivyolisema kwingine. Sikio langu lilijua. Mafuta yenye maji mengi namna ile hayanyamazi haraka vile, na hata kunyamaza kwenyewe hakukuwa kule ninakokujua, kwa kupungua kidogo kidogo. Ilikuwa kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Sista, aje?" ndugu yangu akaniuliza.

"Imenyamaza."

"Mapema hivi?"

"Kwani nani ana masikio hapa?"

Akacheka, akachukua spana, akapanda kwenye jiwe.

Leo najua kilichokuwa ndani. Bomba lilikuwa limeziba. Mvuke haukuwa na njia, ukajisonga, na pipa likisongwa hivyo mafuta huacha kuchemka ingawa moto uko. Karai haina kifuniko, ndiyo maana karai haikuwahi kunifunza hilo. Kwenye karai kunyamaza ni maji kuisha. Ndani ya pipa lililofungwa kunyamaza ni maji yote kungoja. Alipolegeza ule mdomo yakaamka yote kwa mara moja, yakatoka na mafuta, yakamwangukia yeye, yakaangukia moto, na moto ukarudi juu. Mlio sikuusikia. Nilimwona tu ndugu yangu amesimama pale juu ya jiwe, mweupe wa moto, spana bado mkononi.

Injinia alikuwa langoni na simu.

Ndugu yangu alikaa siku nne hospitalini, kitanda ambacho sikuweza kukiona kutoka changu. Siku ya tatu muuguzi mmoja aliniambia ndugu yangu ameuliza kama sista amekula. Siku ya nne hakuuliza.

Alizikwa nyumbani nikiwa bado wodini, uso na shingo na mkono wa kulia vimefungwa. Sasa kwetu kuna desturi. Siku ya tatu baada ya mazishi watu wa familia hunyolewa, na wazee hukaa, na mbele ya kila mtu huulizwa: huyu amekufaje? Jibu linalotolewa siku hiyo ndilo linabaki. Watoto wataambiwa hilo, na wajukuu. Asiyekuwepo hana mdomo.

Mimi sikuwepo. Injinia alikuwepo. Alikuwa amenunua jeneza, amelipia basi la waombolezaji, amekuja na sukari na mchele. Akasimama, akafuta macho, akasema, "Mimi sina ubaya na mtu. Lakini dada yake ndiye alikuwa mpishi pale. Yeye ndiye alimwambia afungue." Mwenyekiti wa chama akasema ni kweli, ndivyo alivyosikia. Alisikia wapi? Alikuwa Kawangware anakula kuku. Wazee wakaandika hilo vichwani mwao, nywele zikafagiliwa, kikao kikaisha.

Nilipotoka hospitalini nilienda Kongo moja kwa moja, kwa mke wa ndugu yangu. Alikuwa anaanika nguo. Watoto wakanikimbilia, wakauona uso, wakasimama. Yeye akawaambia waingie ndani. Alianika shati la mwisho, akalinyoosha, akafunga mlango.

Siku ile nilianza kujua nataka nini. Uso wangu utakaa ulivyo. Pesa ya Injinia siitaki. Nilitaka mlango ule ufunguliwe na jibu lile libadilishwe.

Kifuniko cha lile pipa nilikipata kwa bahati tu. Nilikuwa napita kwa muuza vyuma kuukuu hapo hapo Kongo nikakiona kimeegeshwa ukutani. Nilikijua kwa lile shimo la mdomo na alama ya spana. Nikakigusa, vidole vikapita kwenye kitu pembeni. Kulikuwa na bolti nene iliyochomelewa mahali ambapo bolti haikuwa na kazi, haifungi chochote. Nikamlipa muuza vyuma, nikakipandisha mkokoteni mpaka Satellite, kwa fundi aliyekuwa ametengeneza mtambo.

Fundi alinitambua kwa mwiko kabla ya uso. Nilikuwa bado natembea nao, hata sijui kwa nini.

"Hii bolti ni ya nini?" nikamuuliza.

Akavua miwani ya kuchomelea. "Mama, wacha hiyo maneno."

"Ni ya nini?"

"Hapo nilikuwa nimetoboa tundu ya kupumua. Na kakifuniko kazito juu. Pipa ikijaa mvuke inakainua, inapiga firimbi, mnakimbia."

"Nani aliziba?"

"Niliziba mimi. Lakini yeye ndiye alisema. Majirani walikuwa wanalia na harufu, na alisema kila firimbi ni mafuta yake inapaa bure."

"Utakuja useme hivyo Jumapili?"

Akaangalia nyuma. Nyuma yake kulikuwa na pipa jipya, limeanza kukatwa. Sikuhitaji kuuliza la nani.

"Mama, mimi nina watoto," akasema.

Kwa hiyo nawataja wenye kosa. Wa kwanza ni Injinia, aliyeziba pumzi ya pipa na kukataza waya. Wa pili ni fundi, aliyejua na akaziba, na sasa anatengeneza lingine. Wa tatu ni mwenyekiti, aliyeshuhudia asichokiona kwa sababu ya jeneza la mbao nzuri. Wa nne ni afisa fulani aliyekuja kukagua ule ua miezi miwili kabla, akazunguka pipa na daftari, akaondoka na mtungi umejaa. Wa tano nitamtaja baadaye.

Jumapili nilienda kwenye mkutano wa chama na kifuniko juu ya mkokoteni, kimefungwa leso. Hukutana katika darasa la shule fulani Kawangware, watu wazima wamekalia madawati ya watoto, magoti juu. Nilipokiingiza mtu wa nyuma akasema, "Mama Samaki ameleta sufuria ya harambee." Wakacheka. Mke wa ndugu yangu alikuwa amekaa karibu na dirisha. Hakucheka. Injinia alikuwa mbele, karibu na mwenyekiti.

"Hiyo maneno ilifungwa nyumbani," mwenyekiti akasema hata kabla sijafungua mdomo.

"Ilifungwa bila mimi."

"Wazee walikaa."

"Basi wakae tena. Mimi nimesimama."

Nikafungua leso. Nikawaonyesha bolti. Nikawaeleza tundu, firimbi, waya ulioachwa, mandazi. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, lakini hakuna aliyenikatiza. Mwiko wangu niliutumia kuonyesha. Nilipomaliza, Injinia aliinuka pole pole, akaongea kwa upole, maana hajawahi kuongea kwa sauti kubwa katika maisha yake.

"Sawa, dada. Bolti iko. Lakini wacha nikuulize kitu moja tu. Nani alisema afungue?"

Darasa lote likanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa na jibu zuri, nimelifanyia mazoezi kwenye karai, kwamba mtu yeyote angesikia vile, kwamba kipimo kilivunjika na yeye hakununua kingine. Halafu nikamwona mke wa ndugu yangu anaangalia mikono yangu, na lile jibu likaondoka.

"Mimi," nikasema. "Na ilikuwa mapema. Nilisikia ni mapema. Sikusema."

Injinia akakaa. Alionekana kama mtu aliyeshinda, na kwa hesabu za mkutano ule alikuwa ameshinda. Lakini mke wa ndugu yangu alikuwa ameinuka. Alipita katikati ya madawati, akainama, akaweka kidole juu ya ile bolti. Akakizungusha pale kama mtu anayetafuta mwiba.

"Mume wangu alijua ni mapema?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Aliniuliza. Alisema, mapema hivi?"

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia, kwani nani ana masikio hapa."

"Akasema nini?"

"Akacheka."

Aliondoa kidole kwenye bolti, akainuka. Kisha akachukua mkoba wake akatoka nje. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda. Injinia bado ni mlezi wa chama. Mtambo wake mpya uko mahali naujua, na ukipita asubuhi unausikia kwa pua. Kwa hiyo wa tano ni mimi, kama mtu alikuwa anangoja.

Miezi ikapita. Nilirudi kwa karai. Sikio moja linatosha kwa samaki, ila lazima nigeuze kichwa kama kuku. Mafuta yangu machafu sasa nayamwaga mtaroni, watu waseme wanavyotaka.

Alikuja Jumanne moja, mchana, wakati sina wateja, samaki wa jioni wakiwa kwenye karai. Sikumwona akija. Niliona tu mtu amezunguka meza yote, amepita kwenye matope ya maji ya samaki na viatu vizuri, akaja kusimama upande wangu wa kushoto. Hapo ndipo nilipogeuka nikaona ni mke wa ndugu yangu. Hajawahi kuambiwa na mimi ni sikio lipi linalosikia.

"Ile kifuniko bado uko nayo?" akauliza.

"Imefunika pipa la maji hapo nyuma."

"Nipe. Naenda nyumbani Disemba na watoto. Nataka kuiweka kwa kaburi. Wazee wakiuliza ni nini, nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Bolti. Waya. Na yako." Aliangalia ndani ya karai badala ya kuniangalia. "Siwezi kuacha yako nje. Watoto wataniuliza siku moja."

"Usiiache."

"Sitaiacha."

Kifuniko ni kizito, nilikuwa nafikiria atakibebaje mpaka kituoni, na nani atampokea upande ule, na kama mama yetu atakubali kitu kama hicho kwenye boma. Nilikuwa nimegeuza kichwa kumwelekea yeye, sikio zima likiwa kwake, nikawa nimeupa mgongo moto.

"Dada," akasema.

"Naam."

"Imenyamaza. Toa samaki."